Midomo ya Pembe

Kuna wanaomshukuru Mungu kwa mvua, na kuna wanaomshukuru kwa jua. Wacera wa Mathenge humshukuru kwa tope. Na si tope lolote, ni lile la siku ya mwisho ya maonyesho ya kilimo pale Kitale, siku ambayo nusu ya Trans-Nzoia ilikuwa imeteremka uwanjani kutazama ng'ombe wa maziwa na matrekta mapya. Spika zilikuwa zikigombana, kila moja na wimbo wake. Moshi wa nyama choma ulikuwa umeingia mpaka kwenye nywele za watu. Wacera alivaa gauni la manjano la kitambaa chepesi na viatu vyeupe visivyo na akili hata kidogo, maana mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na yeye aliisikia.

Kiatu cha kushoto kilizama mbele ya kibanda kimoja kidogo. Akavuta, kikakataa. Akavuta tena, kikachomoka ghafla, naye akayumba na kushika kitu cha kwanza alichokipata. Kilikuwa kona ya meza ya watu. Meza ikainama, na vyote vilivyokuwa juu yake vikateremka kwa foleni mpaka chini.

Vilikuwa viko vya tumbaku. Bakuli zake zilikuwa za mti wa mzeituni, zimeng'arishwa zikawa na rangi ya chai ya strungi, isiyo na maziwa, na kila kiko kilikuwa na mdomo wake wa pembe ya ng'ombe, ile sehemu ambayo mvutaji huishika kwa meno.

"Uui, pole. Pole sana," Wacera alisema, magoti yameshaingia topeni.

"Pole ni ya baadaye. Inuka kwanza, madam," mwenye meza alimwambia, akamshika kiwiko. "Kiko haina mama ya kuililia, itangoja."

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, amevaa aproni ya ngozi, na vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi kama unga. Wakaokota pamoja. Viko vyote vilikuwa vizima isipokuwa kimoja, ambacho mdomo wake ulikuwa umekatika katikati.

"Hii ni ya nani?" Wacera aliuliza.

"Ya mzee mmoja wa Cheptais. Ameshalipa. Kesho asubuhi anapitia kuchukua nikifungasha vitu."

"Si utengeneze ingine."

"Pembe iko Bungoma. Hapa niko na mikono tu."

Wacera alikigeuza kile kipande, akakipima kwa kidole, akakiweka katikati ya meno yake hapo hapo mbele za watu.

"Ni nene sana," alisema. "Mtu akishika hii siku mzima, taya inamuuma. Nipe niende nayo."

"Uende nayo wapi? Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi wa meno ya bandia, hapa town. Kazi yangu ni kutengeneza kitu inaingia kwa mdomo na inakaa vizuri. Si hiyo ndio hata hii inatakiwa kufanya?"

Kijana alimwangalia kuanzia gauni la manjano mpaka miguu ya tope. Pengine angekataa kama asingecheka.

"Basi niachie jina, ukipotea nikutangaze kwa spika."

"Wacera."

"Wachela."

"Wacera, bana."

"Si ndio nimesema? Wachela. Mimi naitwa Wabwile."

"Wambwire."

"Wabwile."

"Si ndio nimesema?"

Ulimi wa Bungoma na ulimi wa Kikuyu zina kesi ya zamani na herufi mbili tu, L na R, na hakuna hakimu aliyewahi kuimaliza. Wawili hao walicheka mpaka muuza mahindi ya kuchoma akageuka kuwatazama, halafu Wacera akaondoka na kiko cha watu mkobani, viatu mkononi.

Tatizo aliligundua alipofika maabarani. Plastiki ngumu aliyokuwa nayo ilikuwa ya rangi moja tu, ile ya kutengenezea ufizi. Akasema potelea mbali. Akamimina, akaivisha, akatoboa tundu la moshi, akakaa anapiga tupa, akisawazisha ule ukingo mdogo wa mwishoni ambao meno hunasia. Asubuhi alimkuta Wabwile anakunja turubai, na mzee wa Cheptais amekaa juu ya kreti anangoja. Mzee alipokea kiko chenye mdomo wa waridi, akakitia kinywani bila moto, akafumba macho.

"Hii inajua mdomo yangu," alisema. Akafumbua jicho moja. "Lakini mbona imeota ufizi?"

Mzee aliondoka nacho akiwa na furaha. Wabwile akabaki anamtazama fundi wa meno kwa namna nyingine kabisa.

"Umeifanya nyembamba vile na haikupasuka. Nionyeshe siku moja. Midomo yangu mimi ni nene."

"Nimeona," Wacera alisema, kisha akasikia alichokisema, akaufunika uso kwa mkoba.

Basi simu zikaanza.

"Niaje, daktari ya meno."

"Mimi si daktari, Wambwire. Ni fundi."

"Basi fundi. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Hiyo utashiba lini?"

"Nikishiba nitakuambia. Ongeza kidogo."

Wacera alikuwa akitabasamu peke yake juu ya vibao vya meno, mpaka Ciru, mwenzake wa maabara, akamwambia awe akitabasamu akiwa amefunga mlango, wateja wasidhani wanachekwa.

Jumamosi moja alikwenda Bungoma kuona karakana. Ilikuwa nyuma ya posho mill ya kusagia mahindi, na kabla hajauona mlango aliisikia harufu, maana Wabwile alikuwa amechemsha pembe za kutoka kwa wauza nyama tangu asubuhi. Wacera alivaa sketi ya kitenge cha buluu na blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili.

"Si nilikuambia uvae nguo ya kazi," Wabwile alisema.

"Nilifikiri kazi yenyewe ni wewe kuniona."

"Hiyo nimeshafanya. Nimemaliza na nimeanza tena."

Alimwonyesha kila kitu. Ncha ya pembe ndiyo imejaa, huko chini ni tundu tupu, kwa hiyo pembe kubwa hutoa mdomo mmoja tu. Mti wa mzeituni ulikuwa wa magogo yaliyoangushwa na upepo huko juu mlimani, ukakaushwa kivulini mpaka ukasahau maji. Tundu la moshi lazima likutane na sakafu ya bakuli sawasawa, likipita juu kidogo tu tumbaku inabaki na majimaji na mteja anakulaani. Halafu ikaja kazi aliyoipenda Wacera kuliko zote, ya kupinda mdomo. Unaingiza waya mwembamba tunduni, unaichovya pembe kwenye mafuta ya moto, inalegea, unaipinda taratibu na kuishikilia mpaka ipoe.

"Bila waya itakuwaje?"

"Itapindika tu. Lakini ndani tundu inajifunga, na kwa nje huoni kitu. Inabaki kiko ya kuwekwa kwa kabati." Alikuwa ameushika mkono wa Wacera juu ya pembe ya moto, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuona ikipoa. "Unajua tangu uniangushie meza nazifanya nyembamba kama ile yako, na watu wananiuliza nani anatengeneza midomo? Wanasema hawachoki taya. Asante kwa kuniangusha, Wachela."

"Na wewe mwenyewe huvuti?"

"Mimi? Mwenye kutengeneza jeneza analala ndani kuijaribu?"

Siku hiyo hiyo alimpeleka Sirisia kwa kukhu wake, yaani nyanya yake, Kukhu Peris, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Kukhu Peris alikuwa mama wa mwili mkubwa, kitambaa cheupe kichwani, kiko kinywani na jino hata moja hana. Wacera alimwangalia akikitafuna kile kiko kwa ufizi mtupu, roho ikamuuma, akasema atamtengenezea meno. Akamchukua vipimo siku hiyo hiyo, kwa nta ya mkobani, huku bibi akiguna.

"Huyu msichana," Kukhu alimwambia mjukuu wake mdomo ulipoachiliwa, "ameingia kwa mdomo yangu kabla ya kuingia kwa nyumba yangu. Usimpoteze."

Jioni, akirudi Kitale, Wacera aliomba sala fupi ambayo hakuwa ameiomba kwa muda mrefu, sala ya asante tupu isiyo na ombi mkiani. Alikuwa na sababu. Kabla ya Wabwile kulikuwa na Gathii. Gathii alimchumbia, akala kwao Krismasi mbili, na wakati huo wote alikuwa ameshalipa mahari kwa mwanamke mwingine huko Nyandarua. Fununu zilipomfikia, Wacera alimuuliza ana kwa ana. Gathii akaapa kwa jina la Mungu kwamba ni uongo wa watu, na Wacera akamwamini mpaka alipooneshwa picha za harusi. Tangu siku hiyo alijiapia kwamba hatamuuliza tena mwanamume swali la namna hiyo. Akisikia, ataondoka. Hakuna haja ya kumpa mtu nafasi ya kukudanganya vizuri zaidi.

Kulikuwa pia na jambo la Nairobi. Maabara moja kubwa ilikuwa ikimtaka, na yeye alikuwa akiwapiga chenga kwa sababu ya baba yake, na sasa kwa sababu ya Wabwile. Wakamwambia mwisho ni Ijumaa ya mwisho wa mwezi, baada ya hapo wanamchukua mwingine.

Wiki mbili kabla ya Ijumaa hiyo Wabwile alikuja Kitale, shati jipya la mistari, kidevu kimenyolewa, na tabasamu la mtu aliyekula sukari ya wenyewe. Waliketi katika hoteli moja karibu na soko, chapati na ndengu mbele yao. Simu yake ikalia. Akaitazama, akainuka, akasimama mlangoni mgongo ukiwa kwake. Aliyepiga alikuwa mtu aitwaye Kipyegon, asiye wa kabila lake, kwa hiyo Wabwile aliongea Kiswahili, na sauti yake haijawahi kujua kunong'ona.

"Kipyegon, mahari ya Pauline nilishamaliza kulipia. Yote. Ndio, alishika kwa mkono yake. Sasa nahamia mwisho wa mwezi... Apana, Wachela hajui. Wewe usimwambie mtu. Nataka ajue nikiwa nimeshaingia ndani."

Chapati ilimgeukia Wacera kinywani ikawa kama kitambaa. Wabwile alirudi, akavuta kiti.

"Ni mambo ya kazi tu," alisema bila kuulizwa, akaangalia sahani yake na kutabasamu.

Wacera aliisukuma sahani kando. Swali lilimfika kooni, akalimeza. Akachukua mkoba.

"Asante, Wabwile."

"Ya nini, mrembo?"

"Ya kila kitu. Kuna mgonjwa nimemsahau."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lake sawasawa, na Wabwile, maskini, alifurahi. Hakujua kwamba hiyo ndiyo kwaheri yenyewe.

Namba yake aliifungia jioni hiyo. Wabwile alipopiga kwa namba nyingine akaifungia na hiyo. Alipokuja maabarani, Ciru alitumwa mlangoni kusema Wacera hayupo, na Wabwile akauona mkoba wa Wacera kwenye kiti, akaondoka. Alirudi tena, akaambiwa yale yale. Akaacha kuja. Wacera aliwaandikia watu wa Nairobi kwamba anakubali, karatasi za mkataba atatia sahihi hiyo Ijumaa. Kisha akaenda kwao shambani akalia vizuri, kilio cha kuoga uso.

Baba yake, Mzee Mathenge, alikuwa akipukuchua mahindi uani. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na mwanzoni hakupenda habari za kijana wa viko, mpaka Wabwile alipomtengenezea mpini wa jembe bila kuombwa.

"Huyo kijana wa fiko amepoterea wapi?" alimuuliza.

"Ameoa, Baba. Amelipa mahari ya mtu anaitwa Pauline."

"Amekwambia?"

"Nimesikia na masikio yangu."

"Umemuuriza?"

"Gathii nilimuuliza, si unakumbuka?"

Mzee alipukuchua gunzi lote mpaka likabaki jeupe.

"Kwa hivyo deni ya Gathii inadaiwa mtu wa Mbungoma," alisema. "Mama yako alikuwa ananiuriza kila kitu. Umetoka wapi, umekura nini, mbona umenyamaza. Nilikuwa nachoka, Wacera. Nilikuwa naenda kukaa na ng'ombe ndio nisiurizwe. Sasa hii boma haina mtu wa kuniuriza, na nikwambie ukweri, mimi ningeshukuru swari moja tu."

Akachukua gunzi lingine. Wacera akakaa chini akamsaidia.

Lakini kazi ni kazi, na meno ya Kukhu Peris yalikuwa yamekamilika. Meno si mkate, huwezi kumtumia mtu kwa gari akaanza kula. Lazima uyavalishe, uone yanapobana, uyapunguze, uyavalishe tena. Bibi wa watu alikuwa hajamkosea chochote. Wacera akampigia simu na kumuuliza kwa upole kama yuko peke yake.

"Niko pekee," Kukhu alisema. "Huyo mtoto amekwenda kuhangaika huko kwenu. Kuja."

Ilikuwa Alhamisi. Alimkuta ameketi mlangoni, amevaa gauni la kanisani kwa heshima ya meno. Wacera aliyaweka, juu kisha chini, akamwambia aume taratibu, akayatoa, akayakwaruza kidogo, akayarudisha. Kukhu akajitazama katika kioo, machozi yakamjaa.

"Huyu ni mimi," alisema. "Nilikuwa nimemsahau huyu mama. Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akupatie na wewe mtu wa kukurudishia kitu."

Wacera alimpangusa machozi, na yake akayaacha.

"Asante, Kukhu. Na hongereni kwa arusi. Bibi yenu mpya, huyo Pauline, umwambie asikufichie meno usiku."

"Pauline gani?"

"Ambaye Wabwile amelipa mahari yake."

Kukhu Peris alimtazama. Akatoa macho. Kisha kicheko kikaanza chini tumboni, kikapanda, kikafika juu, na meno mapya, ya juu na ya chini, yakaruka yakaangukia mapajani pa gauni la kanisani. Wacera aliyadaka. Bibi alicheka bila meno, akapiga magoti yake, akafuta macho, akacheka upya. Ilibidi angojwe.

"Lete meno," alisema hatimaye. "Lete, hii neno inataka meno."

Akayavaa, akanyoosha kidole.

"Pauline ni lika langu. Tulibatizwa naye siku moja. Akaolewa huko Kitale, akafiwa, akabaki na duka na vyumba nyuma ya kukodisha. Mtoto amelipia pahali. Pa-ha-li. Pahali pa kufanyia kazi."

Loo. Laiti Wabwile angesema "pahali" siku ile hotelini. Lakini alikusudia kusema "mahali", na kama ulimi wake uliigeuza au ni sikio la Wacera lililoigeuza, hakuna atakayejua mpaka siku ya hukumu.

"Amehama karakana?" Wacera aliuliza kwa sauti ndogo.

"Amefunga ile ya Bungoma. Nikamuuliza, si umuoe huyo msichana umlete huku? Akasema, Kukhu, baba yake hana mtu mwingine, siwezi kumtoa Kitale. Wacha mimi ndio nihame." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Halafu ukamfungia simu. Mtoto hajala wiki mzima. Kesho mchana anarudisha funguo kwa huyo Kipyegon dalali, anasema huko Kitale hana kitu tena. Nyinyi wawili mngekuwa wangu wote ningewachapa. Mdomo mmetengeneza za watu wote, zenu hamtumii."

Ijumaa asubuhi simu ya Nairobi ilipolia, Wacera aliwaomba wamsubiri mpaka jioni. Alivaa gauni alilolikuta karibu, la kijivu, la kazini, lenye alama ya nta kifuani, akaenda moja kwa moja kwenye duka la Pauline. Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya kaunta anafuma sweta, miwani imeteremka puani.

"Wewe ndio Wacera," alisema kabla ya salamu. "Nimekujua na hizo mikono, vile alinieleza. Huyo kijana amenisumbua na wewe, wewe. Ati dirisha ya upande huu ni ndogo, nimruhusu avunje ukuta aweke kubwa. Nikamuuliza, viko inataka mwanga ya nini? Akasema si ya viko. Ati kuna mtu wa kuchagua rangi ya meno, na rangi ya meno inataka jua. Nenda nyuma. Nenda haraka."

Chumba kilikuwa cheupe, kimepakwa rangi juzi. Dirisha lilikuwa kubwa kama mlango, na jua lote la Kitale lilikuwa limeingia. Chini ya dirisha kulikuwa na benchi jipya, fupi kuliko la Wabwile, la urefu wa mtu wa kimo cha Wacera. Upande wa pili Wabwile alikuwa akifunga tupa zake kwenye gunia. Alikuwa amekonda. Alimwona, akaendelea kufunga.

"Umesahau kitu?" aliuliza.

"Nilisikia ukiongea na simu. Nilisikia umelipa mahari ya Pauline."

"Maha..." Akasimama. Akalirudia lile neno kimoyomoyo, midomo ikicheza, na uso ukabadilika polepole. Hakucheka. "Ukafikiri mimi ni mtu wa kuoa mtu nyuma yako. Mimi, Wachela."

"Nilifikiri."

"Nilikuwa hapo hapo mbele yako. Si ungeniuliza?"

"Niliogopa jibu. Kuna mtu nilimuuliza zamani akanidanganya, nikakupatia wewe adhabu yake. Nimekosa. Sina kisingizio, na sitaki unionee huruma kwa sababu ya mtu mwingine."

Wabwile alikaa juu ya gunia. Huko mbele sindano za Pauline zilikuwa zikigongana.

"Unajua kitu iliniuma?" alisema. "Si kufungiwa simu. Ni ile asante. Uliniambia asante kama mtu analipa bili anaenda."

Machozi yalimtoka Wacera, akayaacha yateremke, hakuyaficha kwa mkoba wala kwa mkono.

"Basi ile naichukua, nakupatia ingine. Asante kwa kufunga karakana yako. Asante kwa baba yangu, ulimfikiria na hujawahi kuniambia. Asante kwa hii dirisha. Sijawahi kufanyiwa kitu kama hii, Wabwile, na nilikuwa nimeshaikimbia bila kuiona."

"Nairobi je? Ciru aliniambia."

"Wananingoja jioni. Nimekuja kwanza kuuliza." Alikuwa anaogopa kuliko siku ile ya hotelini, lakini alisogea mpaka mbele yake. "Bado unanitaka?"

"Hiyo unajua."

"Sijui. Ndio maana nauliza. Na nina ingine. Utanioa?"

Wabwile aliinua kichwa. Huko mbele, sindano za Pauline zilinyamaza.

"Si mimi ndio nilikuwa niulize hiyo?" alisema.

"Umechelewa. Jibu."

"Ndio," alisema. Akainuka, akamfuta shavu kwa kidole chenye vumbi la mbao, akaliacha limekuwa na mstari. "Ndio, mpenzi. Nitakuoa hata leo, kama Pauline atatupatia viti."

Kipyegon alipofika kuchukua funguo aliwakuta wamekumbatiana katikati ya chumba, gunia limepinduka, tupa zimetapakaa sakafuni. Wabwile alimwambia juu ya bega la Wacera kwamba funguo hazirudi. Dalali akasema sawa, lakini angeambiwa kwa simu asingepanda pikipiki. Wacera alipiga Nairobi, akawashukuru kwa kumngoja, akawaambia atabaki Kitale. Kisha akapiga shambani.

"Baba, nimemuuliza."

"Ehe?"

"Ilikuwa uongo wa masikio yangu. Hakuna mtu ameoa. Halafu nikamuuliza kama atanioa."

Kuku mmoja alisikika uani.

"Wewe ndio umemuuriza?"

"Mimi, Baba."

"Na amesema nini?"

"Amekubali."

Mzee Mathenge alikohoa, akakohoa tena, kama mtu aliyemeza vumbi la mahindi. "Asante, Ngai," alisema taratibu, na si Wacera aliyekuwa akiambiwa, ni Mungu. Halafu akasafisha koo. "Sasa mpatie hiyo simu. Mwambie akae chini. Mimi pia niko na maswari."